Gitaa la Longino

Nianze kwa kukiri, kama tunavyoanza Misa. Mimi ni mtu mkali. Miaka ishirini na mbili nimefundisha kwaya ya kigango chetu, huku juu Mbinga, na katika miaka hiyo nimewatoa watu wazima nje ya mazoezi kwa kuimba chini kidogo ya nota. Nimemtoa mpaka shemeji yangu, na siku hiyo mke wangu alinipa ugali bila mboga. Nayasema haya mapema ili huko mbele usinionee huruma kupita kiasi. Ugonjwa ulinipata, ni kweli, lakini mengine niliyatafuta mwenyewe.

Nakuandikia wewe uliyeambiwa una rovu na unatakiwa kupasuliwa. Zaidi nakuandikia wewe uliyekwisha kupasuliwa, kidonda kimefunga, majirani wanakupa hongera, na bado asubuhi huoni sababu ya kuvaa viatu. Habari za tezi zenyewe waulize wataalamu. Mimi nitakueleza yale ambayo hayakuandikwa kwenye kadi yangu.

Uvimbe wenyewe wa shingoni ulianza mdogo kama tunda la kahawa. Huku milimani rovu si ajabu. Bibi yangu alikuwa nalo na akazikwa nalo, akiwa amewazika wote waliomcheka. Kwa hiyo nilifunga kifungo cha juu cha shati nikaendelea na kazi. Misimu miwili ya kahawa ikapita hivyo. Msimu wa tatu tonge likaanza kukwama, na katikati ya wimbo nikawa nasimama kutafuta pumzi. Mke wangu, Mama Desi, hakunibembeleza. Alikunja nguo zangu kwenye begi, akaliweka mlangoni, akasema gari linaondoka saa kumi na mbili.

Hospitali kubwa ya misheni nilikwenda mara tatu kabla ya kulazwa. Jambo la kwanza utakalojifunza ni benchi. Unasogea kitako kwa kitako, na ukinyanyuka nafasi yako imekwenda. Pale nilikutana na mama mmoja wa Kingerikiti mwenye rovu kubwa kuliko langu mara mbili. Kila nilipotaka kwenda chooni alitandika kanga yake kwenye nafasi yangu, na mtu akija alimwambia bila haya kuwa hapo amekaa mumewe. Hatukuulizana hata majina. Namwombea mpaka leo.

Daktari alinieleza kwamba mishipa ya sauti inapita karibu na tezi, na kwamba sauti inaweza kubadilika. Nilitia saini haraka. Niliamini sauti yangu ni mali ya Mungu na kisu hakitathubutu kuigusa. Hayo ndiyo majivuno niliyoingia nayo chumba cha upasuaji.

Nilipozinduka niliomba maji, na kilichotoka kinywani kilikuwa upepo mtupu. Muuguzi akanituliza kwamba itarudi, nisubiri. Nikasubiri. Kahawa ilikuwa imekwisha kuvunwa nilipolazwa, na niliporudi kliniki mara ya kwanza mibuni ilikuwa imechanua maua meupe mlima mzima, nami bado nanong'ona. Mara ya pili mvua ilikuwa imeshika. Sauti iliyokuja mwishowe ilikuwa mkwaruzo, kama mtu anayeburuta jembe kwenye sakafu. Daktari akaisikiliza, akaangalia chini, nikaelewa kwamba ndiyo hiyo.

Mwili nao ukageuka. Uso ulijaa, nywele zikawa zinabaki kwenye mto, na baridi ikaniingia mpaka kwenye meno. Nilivaa koti nikiwa nimekaa karibu na moto. Kila asubuhi, kabla ya chai, kidonge kimoja, na nikaambiwa ni cha maisha yote. Lakini hayo yote mtu anaweza kuyabeba. Nililoshindwa kubeba ni uzito ambao hauna mahali. Unaamka nao. Unakaa kwenye kiti asubuhi, unashtuka jua limehama upande wa pili wa nyumba, na hujafanya lolote, na hujali.

Kwaya alipewa binti niliyemfundisha mwenyewe. Krismasi sikwenda kanisani. Niliwasikia wakiimba kutoka ng'ambo ya bonde, sauti zote nne, na sauti ya tatu, ambayo nilikuwa naiongoza mimi, ilikuwa imesimama vizuri bila mimi. Nilijaza pamba masikioni. Tangu siku hiyo sikutaka kusikia wimbo wa kanisa, kwa sababu kila wimbo ulikuwa unanidai sauti nisiyokuwa nayo.

Nyumbani nilikuwa mzigo, tena mzigo wenye kiburi. Kwa kuwa kusema kulinichosha, nilianza kugonga kijiko mezani: mara moja chai, mara mbili blanketi. Binti yangu Desi akipiga simu kutoka Songea nilikataa kuishika. Mama Desi alikuwa anarudi kutoka kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, tope mpaka magotini, amelima sehemu yake na yangu, na kabla hajanawa ananisikia nagonga kijiko. Siku moja alikuja akakichukua mkononi mwangu, akakitumbukiza mfukoni mwa gauni lake, akarudi jikoni. Na mimi, yule mkali, nililia kwa sababu ya kijiko.

Sasa inabidi nimlete Longino, maana bila yeye sina cha kukusimulia.

Longino ni mdogo wangu, tumbo moja. Ujana wake aliumalizia kwenye gereji upande wa Malawi, akarudi na vitu viwili vya maana: gitaa jekundu la umeme, na boksi la kaseti za roki ya zamani. Roki ile ya wazungu wenye nywele mgongoni, magitaa yanakwaruza, ngoma zinapigwa kama watu wanabomoa nyumba. Alijenga karibu na mimi, akaoa, akapanda kahawa. Alikuwa mchapakazi. Lakini masika yakikolea, Longino alilala. Haukuwa usingizi. Alilala macho wazi, ndevu hazinyolewi, magugu yanapanda juu ya mibuni. Kisha siku moja unasikia gitaa, na linapigwa kutwa, siku saba, kumi. Majirani walikuwa wananiuliza mimi, Mwalimu wa kwaya, kama ndugu yangu ana akili timamu.

Nikaita sengu. Kwetu Wamatengo sengu ni kikao cha wanaume wa ukoo kwa mkubwa wao. Kila nyumba inaleta chakula, mnakula pamoja, na mambo ya ukoo yanaamuliwa hapohapo. Siku hizi kwa wengi limebaki jina tu, lakini baba yetu aliishika na mimi niliirithi. Na katika ukoo wetu kuna sharti: neno likishasemwa, maji ya kunawa yanapitishwa. Anayekataa hanawi, na atasikilizwa. Anayenawa na kumega amekubali, na harudi nyuma maisha yake yote.

Nilisema kwamba gitaa ndilo linalomuumiza Longino. Ushahidi wangu ulikuwa kwamba kila akiugua analishika. Longino alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, hilo gitaa ndilo kidonge changu." Nikamjibu kwamba sijawahi kuona kidonge kinachopiga kelele hivyo. Wanaume wakacheka. Nilikuwa na sauti nzuri ya kuchekeshea watu wakati huo. Maji yakapita, na yalipomfikia Longino aliyatazama muda, akanawa, akamega tonge dogo. Nikafurahi kwamba mdogo wangu ni mtu wa heshima. Gitaa tukampa fundi redio wa Lituhi aliyekuwa anapanda Mbinga msimu wa kahawa. Baada ya muda Longino akahamia hukohuko Lituhi, ziwani, na familia yake. Tukasema amefuata samaki.

Hayo yalipita miaka kumi na moja kabla ya kupasuliwa kwangu.

Mwezi wa kwanza, wakati wa palizi, mimi niko kwenye kiti na koti langu, Mama Desi alitoka ghalani na redio kaseti yetu ya zamani na boksi lenye vumbi. Nililitambua. Akapuliza kaseti moja, akaitia, akabonyeza, akachukua ufagio. Nilitaka kumkataza. Nilifungua kinywa, nikatoa ule mkwaruzo wangu, na spika ikanimeza. Niseme ukweli: kama ningekuwa na sauti yangu ya zamani, ile kaseti isingefika nusu dakika.

Basi nikasikiliza kwa lazima. Gitaa likaanza peke yake, likazunguka, likarudi. Kisha mtu akaingia kuimba, na nilikaa wima. Yule mtu hakuwa na sauti. Nakuambia mimi niliyepima sauti za watu miaka ishirini na mbili: ilikuwa imepasuka, imeingia mchanga, inafika juu kwa kujiburuta. Kwenye kwaya yangu asingemaliza zoezi la kwanza. Na hakuificha. Aliisukuma mbele ya magitaa yote yale, mbovu vilevile, na maneno sikuyaelewa hata moja, lakini nilijua kabisa anasema nini. Kufika mwisho wa wimbo mguu wangu ulikuwa unapiga sakafu, na uso umelowa.

Mama Desi alisimamisha ufagio. "Nilizificha mimi," akasema. "Kwenye sengu mlitaja gitaa. Kaseti hamkuzitaja."

Usidhani niliruka nikacheza. Mwanzoni muziki ule ulinitia hasira. Lakini mtu mwenye hasira ananyanyuka. Siku ya tatu nilitoka hadi uani. Wiki ya pili nilifika kwenye mibuni, nikang'oa magugu mstari mmoja, nikarudi nikahema. Nyimbo za kanisa nilizipenda na bado nazipenda, ila wakati ule zilikuwa zinaniuliza, "Mbona huimbi?" Roki haikuniuliza kitu. Ilikuwa na kelele za kutosha kwa wote wawili. Kila asubuhi ikawa kidonge, chai, na upande mmoja wa kaseti. Kuna asubuhi haukusaidia lolote, nikakaa tu na koti langu mpaka ukaisha. Kesho yake nikaugeuza upande wa pili.

Na ilikuwa asubuhi mojawapo ya hizo, kikombe mkononi, ndipo neno "kidonge" lilipojirudia kichwani kwa sauti ya Longino. Nikaweka kikombe chini. Ndugu yangu hakuwa anaugua kwa sababu ya kupiga. Alikuwa anapiga kwa sababu anaugua. Tulimwona mgonjwa kila mara ameshika chupa ya dawa, tukasema chupa ndiyo inayomlaza, tukamnyang'anya mbele ya ukoo mzima, tukala ugali.

Mwezi wa pili nilirudi kliniki. Safari hii nilimweleza daktari kuhusu ule uzito, jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa kuona aibu. Akaniuliza maswali mengi, akapandisha kipimo cha kidonge changu, akanipangia mshauri wa kuongea naye, na akaniambia hali ile inaitwa sonona na ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Nilimnong'oneza kama mtu anaweza kuipata kila masika. Akasema wapo. Nikamuuliza kama muziki unasaidia. Akasema unaweza kusaidia sana, nisiuache, ila nisiache na vidonge. Sikia hilo na wewe: muziki haukuchukua nafasi ya dawa yangu. Ulinipa nguvu ya kwenda kuichukua.

Nilingoja mvua ziishe ili barabara ipitike, nikashuka Lituhi.

Fundi yule, Mzee Bakari, wazee wake walitoka Kilwa, na duka lake limejaa redio, simu na paneli za sola. Nilimsalimu, akanitazama shingo, akanipa kreti la soda nikae. Gitaa lilikuwa ukutani, limefunikwa kanga. Nilipolifunua nilishangaa. Lilikuwa linang'aa, nyuzi mpya. Nikadhani analipiga.

"Mimi sijui kupiga," akasema. "Nyuzi analeta ndugu yako. Kila Ijumaa nikitoka msikitini namkuta kibarazani. Ananiomba nilishushe, nikwangue uzi mmoja mmoja, yeye asikie tu. Miaka yote hiyo namwambia shika, piga. Anasema hawezi, alikula. Mwalimu, sijawahi kuelewa. Alikula nini?"

Nikalifunika tena gitaa. Kumbe Longino hakufuata samaki. Alifuata gitaa, akaishi jirani nalo miaka yote hiyo, na hakuligusa hata mara moja, kwa ajili ya tonge alilolimega mbele yangu.

Nilimkuta ufukweni anaziba nyufa za boti kwa pamba na lami. Amekonda, ndevu nyeupe kuliko zangu. Akasema, "Shikamoo, kaka," nami nikaitikia, na aliposikia mkwaruzo akainua kichwa. Nikamsimulia yote, kuanzia rovu mpaka kaseti. Alikuwa anasikiliza huku anasukuma pamba kwenye ufa. Nikamwambia kwamba nilimkosea, na kwamba sikuwa na haki. Aliumaliza ufa ule kwanza.

"Masika ya tatu Stela aliondoka na mtoto," akasema mwishowe. "Alisema amechoka kuishi na gogo. Sikumlaumu. Wala wewe sikukulaumu, kaka. Nilinawa mwenyewe."

Heri angenitukana. Nikamwomba aniruhusu nilifute lile neno palepale, Mzee Bakari awe shahidi. Akatikisa kichwa. Akasema hapa nitakuwa nimeongea na yeye tu. Neno lililiwa juu, likafutwe juu, mbele ya walewale. Angekuja kahawa ikishavunwa. Gitaa nilibebe mimi, yeye hashiki.

Mzee Bakari alinipa na spika aliyoiunda kutokana na redio mbovu. Nikapanda na gitaa Mbinga, nimelipakata kama mgonjwa.

Msimu ule wote wa kuchuma nilijifunza kupiga. Nilisema nikisimama mbele ya ukoo kuitetea dawa, angalau niwe nimeionja. Ilinibaki plasta ya kufungia kidonda cha shingo, nikaikata vipande, nikaibandika kwenye shingo ya gitaa na kuandika do, re, mi. Vidole vilipasuka, vikaota sugu. Tukirudi kutoka kuchuma, kahawa ikiwa kwenye vichanja, nilifuatisha kaseti, noti tatu, noti nne, najikwaa, narudia. Mama Desi alisema anawaonea huruma kuku. Alicheka aliposema hivyo, na nilitambua kwamba sikuwa nimesikia kicheko chake tangu nilipolazwa. Wiki ile nilimpigia Desi simu kwa sauti yangu hiihii. Akauliza ni nani. Nikamwambia ni baba yako, nimekuwa mwanamuziki wa roki. Alilia na kucheka kwa pamoja, na sikukata simu.

Kahawa ya mwisho ilipoingia ghalani niliita sengu. Tulikuja wanaume tisa. Baba mdogo Kosmas, ambaye kwa umri ndiye mzee wetu sasa, alikaa karibu na moto. Longino alifika akakaa karibu na mlango, mtu wa kuondoka. Nilisimama. Zamani nikisema kwenye sengu hata mbuzi nje walinisikia. Siku ile ukoo wote uliinama mbele ili kunisikia.

Niliwaambia nilivyougua, na nilivyotumia dawa niliyomnyang'anya mdogo wangu. Niliwaambia kwamba neno lile lilikuwa langu na lilikuwa kosa, na kwamba limemgharimu mke, mtoto na miaka kumi na moja. Baba mdogo hakupenda.

"Mwalimu," akasema, "neno lililomezwa halitapikwi. Leo tukitapika hili, kesho nani atanawa kwetu kwa heshima?"

"Baba mdogo," nikasema, "heshima mbele ya ukoo alikuwa nayo Longino peke yake. Sisi tulicheka."

Sikuwa na sauti ya kuendelea, nikachukua gitaa. Nilipiga ule mzunguko wa kaseti ya kwanza. Ulikuwa mbaya. Najua ulikuwa mbaya kwa sababu masikio yangu hayakupasuliwa. Mmoja akakohoa, mwingine akatazama miguu yake. Nikarudia, ukawa mbaya zaidi.

Longino akanyanyuka mlangoni. Nilidhani anaondoka. Alikuja mpaka kwangu, akanyoosha mkono, akalichukua gitaa. Akakaa, akalaza sikio kwenye mbao, akaanza kuzungusha vibano, uzi mmoja mmoja, taratibu. Vidole vyake vilikuwa na lami kwenye kucha. Alipofika kwenye plasta zangu alipitisha kidole juu ya do, re, mi. Kisha akanirudishia.

"Umezikaza kama kwaya, kaka," akasema. "Kila uzi umeupa sauti yake, ya nne mpaka ya kwanza. Sasa piga."

Nikapiga. Noti zilezile, vidole vilevile vizito, na safari hii nyumba ikajaa. Baba mdogo Kosmas aliacha kuchokoa moto. Mama Desi alikuwa amesimama mlangoni na beseni na birika, hakuitwa, akaingia. Maji yakaanza kwa Baba mdogo. Aliyatazama, akanitazama, akanyoosha mikono. Yakapita kwa wengine. Longino alinawa mpaka kwenye viwiko, akamega tonge kubwa, akala na maharage, na akaomba kuongezwa.

Hapo ndipo ningependa kuishia, na kama ningekuwa natunga ningeishia hapo.

Baada ya kula nilimwambia gitaa ni lake, achukue. Akasema hapana, nikae nalo. Alisema kusikia anasikia, ila kile kilichokuwa kinashuka kutoka kichwani mpaka vidoleni hakishuki tena, ameshakitafuta akiwa analikaza na hakukikuta. Alisema kwa upole, kama anayenieleza hali ya boti. Nilimwambia kitarudi. Akasema labda.

Sauti yangu imebaki hivihivi. Kwaya naifundisha tena siku moja kwa wiki, kwa mikono na kwa gitaa, na simtoi mtu nje. Longino naye tumempeleka kliniki, anameza vidonge vyake. Masika yakikaribia nashuka Lituhi kumchukua, anakaa kwetu mpaka mvua zikatike. Halali tena siku nzima. Kila asubuhi baada ya kidonge changu na chake nampigia, naye ananisahihisha, na mguu wake unapiga sakafu.

Kila ninapotoka kwenda shambani namwachia gitaa kwenye kiti, shingo yake ikielekea mlangoni, ili nijue kama ameligusa. Nikirudi naangalia kiti kabla ya kumsalimu. Mpaka leo linaelekea mlangoni.